Dharura ambayo hakuna aliyeitangaza: kwa nini Kusini tunauliza "mpaka lini?"

Wiki iliyopita nilikaa baraza moja hapa Ligula, Mtwara mjini, na mzee mmoja mstaafu wa serikali, mtu wa heshima zake, akasema neno ambalo halijanitoka mpaka leo. Anasema watu wa Mtwara na Lindi ni wagumu, serikali ikileta jambo la haraka kwa nia njema kabisa wao lazima wasite, wanong'one vijiweni, waulize mpaka lini, na hiyo kwa maoni yake ni kukosa elimu tu. Mbele ya mzee sikubishana. Ila sikukubaliana nae, na naona wengi wanaotusema hivyo hawajawahi kukaa upande wa anayepokea hiyo haraka.

Tuanze na korosho maana huko ndo kila nyumba ina la kusema. Oktoba 2018 minada inafunguliwa, wanunuzi wanaleta bei chini ya shilingi 3,000 wakati msimu wa nyuma yake watu walishazoea kuisikia 4,000, wakulima wa Tandahimba na Newala wakagoma kuuza. Mwezi wa 11 Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara, akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa 3,300 kwa kilo na jeshi ndo litazisomba. Sasa huyu anayesema watu wa Kusini hawataki mkono wa serikali siku ile alikuwa wapi? Watu walishangilia. Malori ya jeshi yalipokelewa kama mjomba aliyerudi safari ya mbali, na ni jeshi lilelile ambalo miaka 5 nyuma tulilipokea mjini kwa sababu nyingine kabisa, nitafika huko.

Na hoja ya serikali ilikuwa nzito, tusiibeze. Mnunuzi mwenye mtaji anaweza kusubiri, mkulima anayedaiwa ada na dukani hawezi, na korosho ikilala vibaya inavuta unyevu inashuka daraja, yani kila wiki inayopita anayeumia ni mmoja. Ukisema tuite kikao, tuunde kamati, tupeleke bungeni, mvua zinakukuta mzigo uko sebuleni. Alafu kuna kangomba, wale wanaonunua kwa bakuli kwa bei ya kutupa wakati wa njaa kabla msimu haujafunguka, kama serikali ingelipa tu kila aliyeleta gunia basi hiyo 3,300 ingeingia mifukoni mwa kangomba na mwenye jasho lake angebaki anaangalia. Kwa iyo ukaja uhakiki, na aliyezidi kilo 1,500 akatakiwa aonyeshe shamba lake. Ukiisikia ukiwa ofisini unaona imekaa sawa kabisa.

Lakini isikie ukiwa kijijini. Mjomba wangu yuko huko juu Newala, msimu ule alipeleka zaidi ya tani 2. Mikorosho yake haiko sehemu moja, kuna aliyopanda mwenyewe, kuna ya babu iko kijiji cha pili, na kuna shamba la marehemu dada yake ambalo analisimamia kwa ajili ya wapwa zake, maana kwetu mali inafuata upande wa mama na mjomba ndo mlinzi wa watoto wa dada yake, hilo halihitaji karatasi, kila mtu pale anajua. Sasa timu ya uhakiki inakuja inauliza shamba lako liko wapi, anaonyesha la kwanza, la pili, la tatu wanamuuliza kwani hili jina lako? Hapo mjomba anaanza kujieleza kama mwizi. Mtu ambaye hajawahi kununua hata kilo moja ya mtu anaandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Aliyeandika hakuwa na ubaya nae, alikuwa na fomu, na fomu haina sehemu ya kuandika mpwa.

Hela yake ilikuja mwezi wa 6 mwaka uliofuata, yote, haikupungua shilingi. Lakini hapa ndo naomba tusiharakishe, maana nikiwaeleza watu wa mbali wananijibu "si alilipwa?" Alilipwa, ndio. Mkorosho hausubiri hela. Kuna palizi, kuna kupogolea, na ikifika mwezi wa 5, wa 6, unatakiwa uwe na salfa, dawa ya unga ya mikorosho, mkononi upulizie kabla ugonjwa wa ubwiriunga haujashika maua, ukichelewa wiki tatu umeshapoteza na hamna dawa ya kurudisha. Mwezi wa 4 mjomba hakuwa na hela ya kulipa vijana wa palizi. Akakopa. Alikopa kwa nani? Kwa yule yule kangomba ambaye uhakiki ulikuja kumlinda mkulima dhidi yake, na alimlipa kwa korosho za msimu ujao ambazo hazijatoa hata ua. Hii habari nimeisikia kwa watu wengi kwa sura tofauti kidogo, Masasi, Nachingwea, Ruangwa, na wengine walifika katikati ya 2019 na zaidi bado wanadai.

Na usisahau mwezi wa 6 wa 2018, kabla hata ya hiyo minada. Ushuru wa korosho zinazotoka nje ulikuwa unagawanywa, asilimia 65 inarudi kwenye zao lenyewe, ndo ilikuwa inabeba pembejeo na salfa ndani yake, 35 inaenda hazina. Sheria ikabadilishwa yote ikaenda hazina. Wabunge wa Kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, haikusaidia. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani kama 313,000, misimu mitatu iliyofuata tukazunguka kwenye laki 2 na kidogo. Sisemi sababu ni moja, kuna hali ya hewa kuna magonjwa, lakini mtu aliyeona fungu la salfa linaondoka, alafu hela ya jasho inachelewa, na yote mawili aliambiwa ni kwa faida yake, huyo ukimwita hana elimu unamkosea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndo lenyewe. Watu wengi wakisikia "hali ya hatari" wanaogopa, wanaona hapo ndo serikali inapewa rungu. Nenda kasome Katiba ibara ya 32. Rais anaweza kutangaza hali ya hatari nchi nzima au sehemu yake, vita, uvamizi, amani kuvunjika, maafa. Lakini akishatangaza tu saa inaanza kuhesabu, nakala inaenda kwa Spika, Bunge linatakiwa likutane ndani ya siku 14, na lazima theluthi mbili ya wabunge wote waunge mkono, theluthi mbili ya wote sio ya waliohudhuria. Siku 14 zikipita bila azimio, tangazo linakufa. Likipita linaishi miezi 6, ukitaka kuongeza unarudi Bungeni kuomba theluthi mbili ile ile. Yani hilo rungu linaloogopwa lina kamba mguuni.

Oparesheni ya korosho haikutangazwa hali ya hatari. Jeshi lilipoingia Mtwara 2013 pia hapakutangazwa hali ya hatari. Ilikuwa agizo, tamko, maelekezo, na agizo halina siku 14, halipelekwi kwa Spika, halina miezi 6, linaisha pale aliyelitoa anapoacha kulitaja. Nimeliwaza hili mara nyingi sana. Kumbe ulinzi wote ule uliowekwa kwenye Katiba unafanya kazi pale tu serikali inapokubali kusema kwa mdomo wake kwamba hii ni dharura, na ikitumia nguvu za dharura bila kulitaja jina lake mwananchi hana pa kushika. Mwanasheria atanijibu kununua korosho sio hali ya hatari kikatiba, ni kweli, na mimi sidai ilitakiwa itangazwe. Nasema anayeuliza mpaka lini anaulizia ile saa ambayo Katiba yenyewe iliona lazima iwepo.

Hii ya saa 48 nayo ni ndugu yake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe awekwe ndani mpaka saa 48, na masharti yapo, lazima kuwe na kosa la kukamatika au hatari ya kuvunja amani, lazima sababu ziandikwe zifike kwa hakimu. Kimaandishi ni dharura yenye mipaka. Lakini tumeona mtendaji anawekwa ndani kwa kuchelewa kikao, mganga anawekwa ndani kwa sababu dawa hakuna, hata viongozi wa serikali wenyewe wamewahi kukemea hadharani. Saa 48 zikiisha mtu anatoka hana kesi, na hamna anayemuuliza aliyemweka hiyo hatari ya amani ilikuwa ipi.

Ya 2013 sitayarudia yote, mnayajua. Maandamano ya Desemba 2012 ya kupinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar kwa bomba, Januari ikaungua Mtwara na Masasi, Waziri Mkuu Pinda akaja kuzungumza, watu wakatulia, alafu Mei 22 bajeti ya nishati inasomwa bomba la kwenda Dar liko palepale. Watu walikufa, ofisi na nyumba za watu zilichomwa, na wanajeshi wanne walikufa kwa ajali wakitokea Nachingwea kuja huku, nao walikuwa watoto wa watu. Kuchoma nyumba ya mtu ni uhalifu na serikali isingekaa kuangalia mji unateketea, hapo nasimama na mzee wangu wa barazani kabisa. Ila kati ya Januari na Mei kulikuwa na miezi minne. Miezi minne ya kueleza kwa nyaraka, kwa hesabu, nini kitabaki Msimbati inakotoka gesi na nini kitaenda. Haraka ilipatikana pale pa kuleta magari ya jeshi.

Na hoja nzito kuliko zote za upande wa pili ipo kusini kwetu zaidi, kule mpakani mto Ruvuma. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu wenye silaha wakitokea upande wa Cabo Delgado, Msumbiji, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Ukiwa na ndugu mpakani huwezi kuja na maneno ya utaratibu na vikao, unataka askari waje usiku huo huo, wazuie njia, wakague mitumbwi, waulize kila sura ngeni, na mimi nisingeweza kuwaambia wasubiri kibali cha mtu yeyote. Serikali isiyoweza kukimbia sio serikali. Sijasikia mtu wa kwetu mwenye akili timamu akibisha hilo. Hata pale wenyeji waliposhindwa kuvuka kwenda kulima ng'ambo kama walivyozoea tangu enzi za bibi zao walinung'unika wakavumilia, maana hatari waliiona kwa macho.

Alafu kuna kimbunga Kenneth. Aprili 25, 2019, korosho za watu bado zinadaiwa, mkoa unatangaza watu wa pwani na mabondeni wahame, shule zifungwe, watu wasiende kazini. Kama sisi ni wagumu kwa asili ilikuwa siku nzuri ya kuonyesha. Watu walihama, sisi tulibeba magodoro na mtoto mgongoni tukaenda kulala darasani, na kimbunga kikapinda kikaenda kuwapiga wenzetu wa Msumbiji. Sikumsikia mtu akisema tumedanganywa. Kwa nini? Tuliambiwa kinatoka wapi, kinafika saa ngapi, mamlaka ya hali ya hewa ilikuwa inatoa taarifa mpya kila baada ya muda, na kilipopita tukaambiwa rudini, siku ile ile tukarudi. Mamlaka ni ile ile, mkuu wa mkoa ni yule yule, miezi mitano tu baada ya malori. Tofauti ni kwamba hii ilikuja na mwisho wake.

Ndo maana sikubali hiyo habari ya kukosa elimu. Wazee wa huku waliwahi kuhamishwa vijijini kwa Oparesheni Vijiji miaka ya 70, wengine mapema zaidi kwa sababu ya vita ya Msumbiji, kuna waliofaidika kwa shule na zahanati na kuna walioacha mikorosho inayozaa porini wakaanza upya, na waliambiwa ni haraka. Watoto wao wameona gesi kwa haraka, wajukuu wameona korosho kwa haraka. Anayesita leo amekaa na hesabu ya vizazi vitatu.

Jumapili nilipanda Newala kumsalimia mjomba. Stakabadhi za msimu ule bado anazo, ziko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za wapwa zake. Nikamuuliza unazitunzia nini na hela ulishapewa. Akanionyesha moja, kidole kwenye tarehe ya kupokea mzigo, alafu akageuza nyuma ambako ameandika mwenyewe kwa peni ya bluu tarehe aliyolipwa. Akasema wakija tena na haraka atawapokea vizuri, atawapa kiti, na atawaomba waandike hapo mbele tarehe ya pili kabla hajafungua ghala.