Muuaji Mpya, Dalili Zilezile

Tulikuwa sebuleni kwa dada yangu, tumemaliza sehemu ya tatu na ya mwisho ya Ordeal by Innocence, tamthilia ya BBC ya mwaka 2018 iliyotokana na riwaya ya Agatha Christie. Muuaji alipofichuka, shemeji akapiga makofi. Mimi nikabaki kimya, kwa sababu riwaya yenyewe nilishaisoma, na kwenye riwaya aliyeua ni mtu mwingine kabisa. (Kama hujasoma wala kutazama na una mpango huo, ishia hapa, maana huko mbele nitamwaga kila kitu.) Shemeji akanigeukia: "Nyie wasomaji bwana, mna wivu na vitabu vyenu kuliko wake zenu."

Ni utani, lakini ndani yake mna hoja nzima ya upande mmoja wa ubishi huu. Kila riwaya kongwe ya upelelezi inapokarabatiwa kwa ajili ya runinga, wapo wanaosema Agatha Christie na Arthur Conan Doyle, aliyemwandika mpelelezi Sherlock Holmes, waachwe walivyo, na wapo wanaosema vitabu vile si msahafu. Siku hizi hao wa pili ndio wenye sauti. Msomaji akilalamika, wanamchora kama mzee aliyeng'ang'ania redio ya mbao: anaogopa mapya, basi. Nadhani hawajamsikiliza anachosema.

Kwanza niwape warekebishaji haki yao, maana wanayo. Mwigizaji wa Marekani William Gillette, alipokuwa akiandaa mchezo wa Sherlock Holmes uliopanda jukwaani mwaka 1899, alimpelekea Doyle telegramu kumuuliza kama anaweza kumwoza Holmes. Doyle akamjibu kwamba amwoze, amuue, amfanye atakavyo. Christie naye hakuwa mlinzi mkali wa kazi zake. Katika And Then There Were None ya mwaka 1939 watu kumi wote wanakufa kisiwani. Alipoigeuza mwenyewe kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1943, wawili wakapona na kupendana. Alipoipeleka jukwaani Appointment with Death mwaka 1945, alimtoa mpelelezi wake Poirot na kubadili hata jawabu la fumbo. Mwenye shamba akishakata mnazi wake mwenyewe, jirani anamlilia nani?

Na hata hao wanaosifiwa kwa uaminifu, ukiwakagua, wamekata na kushona. David Suchet alimwigiza Poirot katika vipindi 70 kuanzia mwaka 1989 hadi 2013. Christie alimwandika Poirot tangu riwaya ya mwaka 1920 mpaka ile iliyotoka mwaka 1975. Runinga ikavuta karibu kila kisa kikaingia kwenye miaka ya 1930. Hakuna aliyeandamana. Isitoshe, mtazamaji wa leo anaweza kujua muuaji kwa kubonyeza simu mara mbili, sasa umpe nini cha kumweka kwenye kiti? Na kitabu si bado kipo kabatini?

Hoja hizo ni nzito, na sina ugomvi na hata moja. Ila hazijibu lalamiko lenyewe.

Kweli wapo walalamikaji wa ajabu. Mwaka 2018 John Malkovich alimwigiza Poirot katika The ABC Murders, na Sarah Phelps, aliyeandika skripti hiyo na ile ya Ordeal by Innocence, akampa Poirot historia ya kuwa padri Ubelgiji badala ya polisi. Watu wakalia kuhusu masharubu ya Poirot. Mwaka 2023 Murder Is Easy, riwaya nyingine ya Christie, ikaja runingani na mhusika Luke Fitzwilliam ambaye ni Mnigeria aliyefika Uingereza miaka ya 1950, wakati kwenye riwaya ni Mwingereza, ofisa wa polisi aliyerudi kutoka makoloni ya Mashariki. Wakalia tena. Anayelia kwa sababu ya rangi ya ngozi asijifiche nyuma ya Agatha Christie. Huyo simtetei.

Ninayemtetea ni yule anayelilia hesabu. Riwaya ya upelelezi ya aina hii ni biashara ya wazi: bidhaa zote zinatandazwa mkekani. Ronald Knox, padri na mwandishi, aliandika amri zake kumi mwaka 1929, na mojawapo inasema mpelelezi asipate dalili ambayo msomaji hajaonyeshwa. Mwaka uliofuata waandishi wa fani hii wakaanzisha Detection Club mjini London, Christie akiwamo, na wanachama walikula kiapo cha kutomchezea shere msomaji. Unadanganywa, ndiyo, lakini unadanganywa kwa vitu vilivyo mbele ya macho yako. Mwisho ukifika unarudi kurasa mia nyuma na kukuta alama ilikuwepo, wewe ndiye uliyeipita.

Ukiielewa biashara hiyo, unaelewa pia kwa nini msomaji huyohuyo anaweza kufurahia mabadiliko makubwa kupita kiasi. Chukua Sherlock ya BBC iliyoanza mwaka 2010, na steringi wake anayetuma meseji badala ya telegramu. Katika The Sign of Four ya mwaka 1890, Watson, rafiki yake Holmes, anampa saa ya mfukoni aisome. Holmes anaona mikwaruzo kuzunguka tundu la ufunguo wa kuitia saa majira, kazi ya mkono unaotetemeka kwa pombe, na ndani namba zilizokwaruzwa na wenye maduka ya rehani. Anamaliza: saa ilikuwa ya kaka yako, mlevi, aliyeingia na kutoka kwenye ufukara. Mwaka 2010 saa imekuwa simu ya mkononi, na mikwaruzo iko kuzunguka tundu la chaji. Mkono uleule, pombe ileile. Nyuma ya simu kuna jina Harry. Sherlock anasema kaka, anakosea, kwa kuwa Harry ni Harriet, dada yake Watson. Aliyesoma kitabu ndiye anayenaswa vizuri zaidi. Huko ni kubadili kwa heshima, na sijasikia msomaji makini aliyeilalamikia simu ile.

Hata muuaji anaweza kubadilishwa. Runinga ya ITV ya Uingereza walifanya hivyo mwaka 2004 kwa The Body in the Library ya Christie. Kwenye riwaya ya mwaka 1942 wauaji ni Josie na Mark, mume na mke wa siri. Runingani ni Josie na Adelaide, wanawake wawili wapenzi. Kelele zikapigwa. Lakini tazama fumbo lilivyojengwa: maiti iliyokutwa maktaba si ya mtu anayedhaniwa, na anayeitambulisha kwa uongo ni Josie. Msichana aliyelala pale ana kucha zilizotafunwa, wakati mwenye jina alilopewa alikuwa na kucha ndefu, moja ikachanika aliponasa kwenye shali, akazikata. Bi Marple, mpelelezi wa kisa hicho, anaziona kucha zile na mlango wote unafunguka. Mlango huo uko kwa Josie, na Josie yumo katika matoleo yote mawili. Aliyebadilishwa ni mshirika wake. Waliohamisha kifungo walihamisha na tundu. Mimi sikuupenda mwisho ule, ila siwezi kusema niliibiwa.

Sasa rudi kwa Ordeal by Innocence. Katika riwaya ya mwaka 1958, mama tajiri, Rachel Argyle, ameuawa, na Jacko, mmoja wa watoto aliowaasili, amehukumiwa na kufia gerezani. Jacko alidai kwamba saa ya mauaji alikuwa kwenye gari la mtu aliyempa lifti, lakini mtu huyo hakuonekana. Anakuja kujitokeza amechelewa: Dakta Calgary, aliyekuwa ameumia kichwa kisha akaenda Antaktika. Kumbe lifti ni kweli. Familia, badala ya kushukuru, inaingiwa na ubaridi, maana kama si Jacko basi ni mmoja wao.

Jawabu la Christie ni hili. Aliyeua ni Kirsten Lindstrom, mfanyakazi wa nyumba, mwanamke wa makamo ambaye Jacko alimlaghai kimapenzi. Jacko ndiye aliyepanga: Kirsten aue, yeye awe barabarani akijitafutia shahidi. Kwa hiyo lifti haikuwa bahati. Ule ushahidi unaomsafisha ndio uliokuwa sehemu ya mpango, na kile kinachoonekana kumtoa hatiani kinamrudisha mlemle kwa mlango wa nyuma. Na kwa nini Kirsten hakumwokoa? Kwa sababu Jacko alipokamatwa akajitokeza mke wake ambaye Kirsten hakujua habari zake. Vuta uzi mmoja, yote inakuja.

Mwaka 2018 muuaji ni Leo, mume wa marehemu. Calgary yupo, gari lipo, lifti ipo. Sasa lifti ina kazi gani? Imegeuka bahati tu, kijana alikuwa barabarani na mtu akapita. Dalili iliyobeba nyumba nzima imebaki imesimama peke yake kama nguzo isiyo na paa. Na kwa kuwa nyuzi za zamani hazifiki kwa Leo, ukweli unatufikia zaidi kupitia kumbukumbu zinazorudishwa nyuma kuliko kupitia mtu aliyekaa akaunganisha mambo. Tunaonyeshwa kilichotokea. Hatukupewa nafasi ya kukijua.

Najua kilichomvutia Phelps, na hapa nakiri moyo wangu uliyumba. Hatia imetolewa kwa mtumishi ikapelekwa kwa bwana mwenye nyumba. Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo kikipotea kijiko dada wa kazi ndiye wa kwanza kupekuliwa begi, kumwona Leo anafungiwa kwenye handaki la nyumba yake mwenyewe kuna utamu wake. Riwaya, kwa upande wake, ina maneno kuhusu watoto wa kuasili na damu zao ambayo leo yanachefua. Sababu ya kubadili ilikuwepo. Kazi ya kupanda dalili upya ndiyo haikufanywa.

Kisa kinachonikera kuliko hicho ni kile cha Sherlock yuleyule wa BBC. Januari 2012 aliruka kutoka paa la hospitali ya St Bartholomew's, Watson akishuhudia, na sekunde za mwisho tukaonyeshwa kwamba yu hai. Karibu miaka miwili watu walirudia dakika zile wakihesabu: lori lile, baiskeli iliyomgonga Watson, mpira mdogo ambao Sherlock alikuwa akiuchezea. Walikuwa wakifanya kazi ambayo fani hii inamwomba mtazamaji aifanye. Tarehe 1 Januari 2014 jibu likaja, na yakawa majibu matatu. Mawili ni ya kubuni, la tatu analisimulia Sherlock mwenyewe kwa mtu ambaye mwishowe haliamini. Humohumo kuna kikundi cha mashabiki wanaobishana kuhusu ule mruko, nao wamewekwa watuchekeshe. Doyle alimuua Holmes mwaka 1893, akamfufua mwaka 1903 kwa maelezo dhaifu ya mieleka ya Kijapani na kupanda genge. Alilipa kwa sarafu iliyochakaa, lakini alilipa. Wale wa mwaka 2014 walimcheka mdai.

Sisi wa Kiswahili hatuna sababu ya kuogopa kuhamisha. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpa mpelelezi wake Bwana Msa kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, na kila aliyewahi kusoma Doyle anajua vilitoka wapi. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Ukungu wa London haupo, na watu wanasema kama watu wa Unguja. Kilichosafiri ni ile tabia ya kuangalia kitu kwa makini na kukataa mzimu mpaka ushahidi useme.

Shemeji nilimweleza haya yote usiku ule, chai ikapoa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye alijua ni Leo tangu sehemu ya kwanza. Nikamuuliza kwa dalili gani. "Si ni Bill Nighy yule," akasema. "Hawawezi kumlipa hela zote zile halafu awe hana kosa."