Goti likikuuma kilomita ya 14, uendelee ama utoke?

Jumapili baada ya mbio za kilomita 21 hapa Mombasa tulikaa pale Mama Ngina chini ya mibuyu tunakunywa madafu, na watu wawili wa kikundi chetu wakaanza kubishana. Kijana wa Kisauni alitoka njiani kilomita ya 14, msuli wa nyuma ya paja ulimvuta akaona hapana. Dada wa Changamwe yeye alimaliza akichechemea, kisigino kilianza kumuuma tangu kilomita ya 9, lakini medali iko shingoni. Dada anamwambia, "Wewe zilibaki saba tu, si ungetembea?" Kijana naye anamjibu, "Na wewe kesho ukiamka utakanyaga vipi?" Hapo hapo kikundi kikagawanyika pande mbili na kelele juu, mie nikanyamaza, manake mwaka jana nlikuwa upande wa dada kabisa, na mwaka huu siko tena huko, lakini na kwa kijana pia sijahamia mzima mzima.

Tuanze na upande wa kumaliza, kwa sababu wengi wanaudharau kama ni kiburi tu na mie naona si kweli. Sisi si wanariadha wa kulipwa. Kuna mwalimu hapo, kuna mwenye tuktuk, kuna wanaofanya kazi bandarini kwa zamu, mtu ameamka saa 10 alfajiri miezi minne mitano ndo akimbie kabla ya kazi, amelipa pesa yake ya kujiandikisha, watoto wamekuja kumsubiri mwisho wa njia. Hana zawadi ya pesa anayoitafuta, hana rekodi, kitu pekee kinachomwambia kwamba ile miezi haikwenda bure ni kuvuka ule mstari. Ukimwambia atoke kirahisi rahisi tu utakuwa hujamuelewa.

Na Afrika Mashariki tuna mtu wetu wa mfano hapa, John Stephen Akhwari wa Tanzania. Mexico City 1968, marathoni ya Olimpiki, alianguka njiani akaumia goti vibaya, na wengine wakajitoa yeye akaendelea na goti limefungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, watu wengi washaondoka na giza limeingia. Alipoulizwa mbona hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma amalize. Leo ukiuliza watu wengi nani alishinda ile marathoni hawajui, lakini Akhwari wanamjua.

Tena si kila maumivu ni jeraha. Mapaja kuwaka moto, kichomi ubavuni, malengelenge, kucha kuwa nyeusi, hayo ni ya kawaida kwenye 21 na ukitoka kwa sababu hizo utatoka kila mwaka. Hata ile hofu ya mitaani kwamba kukimbia kunamaliza magoti haisimami vizuri, kuna uchambuzi wa 2017 uliojumlisha tafiti nyingi na ukakuta ugonjwa wa viungo vya goti na nyonga kwa wakimbiaji wa kujifurahisha ni kama asilimia 3.5, wasiokimbia asilimia 10.2, na wale wa mashindano makubwa ndo 13.3. Yaani kukaa tu kwenye kiti hakujamlinda mtu.

Haya, upande wa pili. Pale tulipokuwa tumekaa, uwanja wa gofu uko hapo hapo jirani, na tarehe 24 Machi 2007 ndipo zilipofanyika mbio za nyika za dunia. Machi Mombasa mnaijua, kaskazi inaisha, hewa imesimama, unyevu mtupu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, hakuna aliyetarajia kitu kingine, na mzunguko wa mwisho joto likamshinda akatoka, Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Bekele alijitoa mbele ya dunia nzima, na mashabiki wamejaa hadi kwenye miti. Mwaka uliofuata akashinda tena mbio za nyika Edinburgh, halafu Agosti akachukua dhahabu mbili Beijing, mita 5,000 na 10,000. Sasa mie na wewe ambao tumejiandikisha juzi, twaona aibu ya nini?

Mwaka jana mie sikutoka. Goti la kushoto kwa nje lilianza kilomita ya 12, kwanza kama sindano, nikishuka daraja la Nyali likawa kisu, kila nikitua mguu nasikia kama kamba imekwaruza juu ya mfupa. Nikabadilisha mwendo, nikawa nakimbia na mguu umenyooka kama ubao, kilomita 9 hivo hivo mpaka mwisho. Nilipiga picha na medali nikicheka. Jioni kushuka ngazi za nyumbani, na nyumba zetu za Mji wa Kale ngazi zake zasimama wima kama za merikebu, nilishuka kinyumenyume nimeshika kamba. Halafu sala. Kukaa tahiyyatu sikuweza, goti halikunjiki, nikasali kwenye kiti kule nyuma na wazee karibu miezi miwili, na kila mzee ananiuliza mwanangu umepatwa na nini. Mbio niliziacha miezi mitatu na nusu.

Fizio, yule mtaalamu wa tiba ya viungo, alinieleza ni ule utepe mrefu mgumu unaotoka nyongani ukapita nje ya paja mpaka chini ya goti, ukichoshwa unauma pale pale. Hakuniuliza habari za viatu kwanza. Aliniuliza, baada ya Idi ulifanya nini? Nikamwambia ukweli, Ramadhani nilikimbia kidogo sana, ikaisha nikaona siku zimebaki chache nikaruka kutoka kilomita 20 kwa wiki hadi 45 ndani ya wiki tatu. Akasema goti lako liliumia kabla hujafika kwenye mbio, siku ile ulilimalizia tu. Na mazoezi yenyewe nayafanya ukingo ule ule wa barabara kila siku, ule ulioinamia mtaroni, mguu mmoja uko chini mmoja juu asubuhi nzima. Majeraha mengi ninayoyaona kwenye kikundi chetu, muundi, kisigino, nyuma ya kifundo, ukiyafuatilia nyuma yanaanzia kwenye kuruka kama huko, si kwenye bahati mbaya ya Jumapili.

Lakini kuna kitu pale kwenye madafu hakuna aliyekisema na mie ndicho kinachoniuma zaidi. Kijana wa Kisauni alipotoka alikuwa ng'ambo ya daraja, na kutoka pale kurudi Mama Ngina ni kilomita karibu saba, yaani kutoka kwenye mbio na kumaliza mbio ni njia moja! Hakukuwa na gari la kuokota watu, matatu hazipiti barabara imefungwa, simu ameacha kwa shangazi yake, mfukoni hana hata shilingi. Akatembea akichechemea hadi akampata bodaboda akamuomba. Sasa waandalizi wakisema watu wasijilazimishe huku hakuna namna ya kujitoa, hapo mzigo wote wamemuachia mgonjwa. Wengi wanaoitwa wakaidi wameendelea kwa sababu kusimama juani ni kubaya zaidi.

Na jua letu si la mchezo. Jasho la Pwani halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili, linamwagika tu. Mtu wa Iten, mji wa wakimbiaji kule milimani, akija hapa na mwendo wake wa kule juu anapikika. Ukimwona mwenzako anayumba, anaongea maneno hayaeleweki, ameacha kujua yuko wapi, hapo hamna mjadala wa kumaliza, mkalishe kivulini mmwagie maji ya baridi mwili mzima mara moja huku gari linatafutwa, msingoje hospitali ndo apozwe. Wala msimlazimishe kunywa chupa juu ya chupa, maji mengi kupita kiasi nayo yanashusha chumvi ya damu na yanaua. Kunywa kwa kiu inatosha wengi wetu.

Kitu kingine ni vidonge. Asubuhi ile pale tunapojipasha nimeona watu watatu wanagawana dawa ya maumivu kama peremende kabla hata hawajaanza kuumwa. Dawa za aina ya ibuprofeni kwenye mwili uliokaukiwa maji zinaweza kuumiza figo, na zaidi ya hapo unazima kengele halafu unasema hukuisikia ikilia.

Kwa hiyo mie nasimama wapi? Maumivu yasiyobadilisha unavyokanyaga, nenda nayo, punguza mwendo, tembea ukitaka. Yakikufanya uchechemee, au yako mahali pamoja kwenye mfupa unaweza kupagusa kwa kidole kimoja, au ni kifua, toka, hata kama imebaki kilomita moja. Kwa kipimo hicho dada wa Changamwe angetoka, na nilimwambia. Akanijibu kwamba kisigino chake anakijua, kinamuuma kila asubuhi hatua za kwanza kitandani kwa mwaka sasa, na mamake aliyekuwa anaumwa aliomba aletewe ile medali. Sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Akhwari pia angefeli kipimo changu.

Ninachoshikilia ni kwamba uamuzi ufanywe Jumamosi, sio kilomita ya 14, pale kichwa kimechemka na watu wanapiga makofi hakuna anayepima vizuri. Mwambie mwenzako mapema, nikianza kuchechemea nitoe. Dada tumekubaliana ataanza na kilomita 10 mwezi ujao na kisigino atakipeleka kwa fizio kwanza, kijana anatembea ufukweni Nyali jioni jioni msuli utulie. Mie nimeshakunja noti ya mia mbili nikaitia ndani ya kaptula kwa pini, nauli ya bodaboda.