Simu ya sauti iliyorekodiwa na meseji kwa mteja: ziunganishwe, ila sio zote kwa mpigo

Kuna hoja naisikia sana kwa wanaouza mifumo ya kuwasiliana na wateja hapa Dar, kwamba ukitaka mteja asipitwe na taarifa mpigie simu ya sauti iliyorekodiwa halafu hapo hapo mtumie na meseji, kimoja kikimkosa kingine kitampata. Hospitali binafsi, saccos, shule zinazodai ada, maduka ya mtandaoni, wote wanauziwa hiyo kitu. Mimi kwenye kuunganisha nipo nao kabisa, ila hiyo "hapo hapo" ndo siikubali.

Meseji uzuri wake inabaki kwenye simu. Tokeni ya umeme wa LUKU ina namba 20, hakuna mtu atazishika kwa kusomewa sikioni huku amesimama gizani mbele ya mita. Inaingia kwenye kitochi, haitaki bando, na simu ikiwa imezima kwa muda inasubiri iwashwe. Lakini meseji moja inabeba herufi 160 tu, ukitia emoji inashuka mpaka 70, ikizidi hapo inakatwa vipande na mtumaji analipia kila kipande, sasa mtu anaanza na "Tunapenda kukutaarifu mteja wetu mpendwa kwamba" ameshakula zaidi ya robo ya nafasi na hajasema kitu. Halafu meseji nyingi za kampuni zinakuja na jina badala ya namba, ukijibu haiendi. Yani mtu anaambiwa kesho ana miadi, hawezi kuja, na hana pa kusemea.

Hapo ndo simu inapoingia. Huku kwetu anayepokea simu halipii, na sauti inayosema bonyeza 1 kama utakuja, bonyeza 2 kama unataka tarehe nyingine inafanya kazi kwenye simu yoyote yenye vitufe. Mfikirie mama anayeuza vitenge Kariakoo saa tano asubuhi, mkono mmoja una mita ya kupimia kitambaa, mwingine unarudisha chenji, meseji zake zimejaa matangazo ya kubeti na bahati nasibu kiasi kwamba anazifungua usiku akikumbuka. Huyo simu ataisikia. Na yupo babu asiyeona vizuri, yupo na mtu ambaye kusoma kunampa shida na hasemi, anampa mjukuu simu amsomee mpaka meseji za benki, hao tusiwasahau maana mifumo hii inapangwa na watu wanaokaa ofisini wanasoma siku nzima.

Ila sauti nayo ina matatizo yake. Mtu yuko kwenye mwendokasi amebanwa mlangoni, kondakta wa daladala anaita abiria pembeni, anasikia nusu, na hiyo nusu haibaki popote. Halafu kuna hili la saa, ambalo watengenezaji wengi hawalifikirii kabisa: mfumo unahifadhi muda 10:00, meseji inaandika 10:00 na mteja anaelewa ni saa nne asubuhi, lakini mashine ikiusoma kwa sauti inaweza kutamka "saa kumi", na saa kumi kwa mtu wa Dar ni jioni. Mteja mmoja, miadi moja, ameambiwa nyakati mbili tofauti na taasisi hiyo hiyo. Kabla hujanunua mfumo wowote wa sauti usikilize ukisoma saa na tarehe, usikubali tu kuchezewa salamu nzuri.

Na linaloniumiza zaidi ni uaminifu. Watanzania tumeshaibiwa sana kwa simu, zile meseji za "hela tuma kwenye namba hii" kila mtu anazijua, mpaka mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripoti. Juu yake wakaja wakopeshaji wa mtandaoni wanaopiga na kutuma meseji mpaka kwa ndugu na majirani wa mdaiwa, na Novemba 2024 Benki Kuu ikataja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Matokeo yake namba ngeni ikiita watu hawapokei, na wanaopokea wanapokea kwa hofu. Sasa kampuni halali ikianza kupiga kwa sauti ya mashine na kusema "bonyeza 1 kulipa", inamzoesha mteja kutii sauti asiyoijua, na kesho tapeli ataweka sauti kama hiyo hiyo. Wauzaji watakwambia watu wanaitikia zaidi wakipigiwa, sawa, hata mimi naamini hivyo, lakini wanaitikia nini na kwa gharama ya nani?

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Meseji itangulie, fupi, inayoweza kujibiwa, yenye jina la taasisi, siku, saa na namba ambayo simu itatokea. Aliyethibitisha aachwe apumzike. Asiyejibu ndo apigiwe, mara moja, mchana, na sauti ijitambulishe kwanza kabla ya kumwambia abonyeze chochote. Akishabonyeza apate meseji ya kile alichochagua, maana hapo ndo muungano una faida kweli, mtu ameongea kwa kidole na ushahidi umebaki kwenye simu yake. Hela na namba ya siri zisitajwe kwenye simu ya mashine hata kidogo.

Kuna wakati lazima simu itangulie, mfano mvua imepiga, Jangwani maji yamejaa barabara imefungwa na kliniki imeahirisha leo hii, hapo kusubiri meseji isomwe ni kumtoa mgonjwa Mbagala bure na nauli yake. Lakini hiyo ni dharura. Kukumbushia ada au kutangaza ofa sio dharura, na kwa ofa naona simu isitumike kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo zilizokusanywa, namba niliyoiacha mapokezi ya hospitali niliiacha kwa ajili ya matibabu.

Na jambo moja wanunuzi wa mifumo hii waulize kabla ya kusaini: mteja akikuta misdikoo akapiga tena, anamkuta nani? Kwa sababu akipiga yeye vocha ni yake, na mara nyingi anakuta namba haipatikani au muziki tu. Namba hiyo iwe ya bure, na ikipigwa irudie ule ujumbe wake kisha impe njia ya kufika kwa mtu.