Pikipiki Moja, Wenyewe Kumi

Hivi nani aliwaambia watu kwamba mwenye pikipiki hana shughuli zake? Tangu niinunue, undugu umefumuka. Mtu tuliyekuwa tukisalimiana kwa nyusi tu, sasa ananiita "kaka yangu wa damu", na salamu haijaisha vizuri: "Niazime mara moja, nafika hapo tu." Hapo tu! Hakuna mahali palipo mbali duniani kama hapo tu. Anarudi jioni, tanki liko rizevu, vioo vyote viwili vinatazama mbinguni. Ukimuuliza leseni anacheka, "Leseni ya nini, mimi naendesha tangu mtoto." Haya, likitokea la kutokea, bima ikitaka kujua nani alikuwa anaendesha na leseni yake iko wapi, nijibu anaendesha tangu mtoto?

Lakini mafuta yangenunuliwa, vioo vingerudishwa. Kinachonikata maini ni cheni. Cheni naisafisha mwenyewe, brashi na mafuta ya taa, kisha naipaka mafuta yake, injini ikiwa imezimwa. Nasema imezimwa kwa sababu wapo mabingwa wanaowasha injini, wanatia gia, halafu wanashika tambara kufuta cheni inayozunguka. Spoketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, haiulizi hiki kidole cha nani.

Sasa bwana mmoja katika hao ndugu zangu wapya akaipeleka kwa fundi bila kuniuliza, "nikusaidie kuikaza." Imerudi imekazwa kama uzi wa gitaa. Nikamfuata fundi. Fundi, cheni lazima icheze! Shika pale katikati, kati ya spoketi ya mbele na ya nyuma, isukume juu na chini: kwa pikipiki nyingi ndogo za barabarani ni kama sentimita 2 hadi 3, na neno la mwisho analo mtengenezaji, kwenye kitabu chake. Fundi akaniangalia kwa huruma. "Bosi, ikilegea itatoka." Najua itatoka! Lakini ukiikaza hivi, nikishakaa na kilo zangu, shokapu zinabonyea, gurudumu la nyuma linasogea, cheni inavutika zaidi ya hapo, inaanza kutafuna spoketi na beringi. Bosi ndiye anayezinunua, fundi anapokea hela ya kuzibadilisha. Ndiyo maana hatuelewani.

Fundi huyohuyo akataka kunimiminia oili ya gari, eti oili ni oili. Pikipiki nyingi klachi yake, ile inayoshikanisha injini na gia, inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi isiyo na msuguano itashika nini? Unavuta mafuta, injini inapiga kelele mtaa mzima, pikipiki yenyewe imesimama inasikiliza.

Halafu kuna washauri wa breki. Hawa hawana pikipiki, wana ushauri. "Usiguse breki ya mbele, utapinduka." Jamani! Ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, gurudumu la mbele ndilo linaloshika barabara, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Anayepinduka mara nyingi ni yule aliyeinyonga ghafla badala ya kuiminya taratibu huku akikanyaga na ya nyuma. Kwenye spidi ya kilomita 60 kwa saa unakula karibu mita 17 kila sekunde, na mshauri anataka nisimame kwa breki moja na dua.

Na helmeti. Nimenunua mbili, yangu na ya abiria. Abiria anaipokea kwa heshima zote, anaivaa kwenye kiwiko. Mwingine anavaa kichwani lakini kamba haifungi, inamkaba, kwa hiyo tukianguka helmeti itakwenda zake na kichwa kitakwenda zake. Mwingine anaiokota baada ya kuipigiza chini, "haina hata mkwaruzo." Ndani je? Lile povu gumu linaokoa kichwa kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi. T. E. Lawrence, yule mwanajeshi maarufu wa Uingereza, alianguka na pikipiki Mei 1935 bila helmeti, akafa siku 6 baadaye. Daktari mmoja aliyeitwa kumhudumia, Hugh Cairns, aliondoka na lile jambo moyoni, na mwaka 1941 akachapisha utafiti kuhusu vichwa vya waendesha pikipiki wa jeshi na faida ya helmeti. Tangu 1941! Mimi bado nabishana na mtu kuhusu nywele zake.

Abiria mwenyewe ukimbeba ni mtihani. Kona ya kushoto mimi nainama kushoto, yeye anainama kulia "kusawazisha." Unasawazisha nini, sisi si mizani! Kaa ufuate mgongo wangu, miguu juu ya vikanyagio mpaka tusimame kabisa, shuka upande usio na eksozi. Anashuka upande wa eksozi. Shavu la mguu linalia chwii, lawama zangu.

Juzi kaja mjomba. Mjomba hakataliwi, mnajua. Anataka nimbebe yeye na mlango. Mlango wa mbao, mzima, na kitasa chake.

"Mjomba, upepo ukiupiga huo ubavuni tunakwenda wote mtaroni."

"Hauendi popote, nitaushika kwa mikono miwili."

"Na wewe utakuwa umeshika nini?"

"Si nimeshasema? Mlango."