Kiingereza kwa watoto wadogo: mwalimu mgeni anatosha?

Korea Kusini iliingiza Kiingereza katika darasa la tatu la shule za msingi mwaka 1997, na Japani ikakifanya somo kamili kwa darasa la tano na la sita mwaka 2020. Wazazi wengi hawasubiri mpaka huko. Wanawapeleka watoto wa miaka mitatu au minne kwenye chekechea za Kiingereza, ambako mara nyingi anayefundisha ni kijana aliyetoka nchi nyingine na kusaini mkataba wa mwaka mmoja. Kwa kijana huyo ni nafasi nzuri ya kuishi ughaibuni na kujitegemea. Kwa mtoto, faida yake haiko wazi hivyo.

Hoja ya kuunga mkono ina uzito. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Kimarekani wa miezi tisa. Baadhi walicheza na kusomewa vitabu na wazungumzaji wa Kichina kwa vipindi 12, na baada ya hapo waliweza kutofautisha sauti za lugha hiyo ambazo wenzao hawakuzitambua. Waliooneshwa video za wazungumzaji haohao hawakupata kitu. Kwa hiyo mtu aliye hai, anayemtazama mtoto na kumjibu, ana nguvu ambayo skrini haina. Ila utafiti huo haukudai kwamba mtu huyo lazima awe na pasipoti fulani. Huko Korea Kusini, kwa mfano, viza ya kawaida ya walimu wa lugha, kwa upande wa Kiingereza, hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, na kutoka Afrika nzima ni Afrika Kusini pekee. Mwalimu hodari wa chekechea kutoka kwingine anaachwa nje, huku asiyewahi kumlea mtoto akiingia kwa sababu ya uraia wake. Hilo naliona kosa, na wanaoumia kwanza ni watoto.

Upande wa pili unaanzia kwenye saa. Huko Barcelona, mtafiti Carmen Muñoz na wenzake waliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza wakiwa na miaka minane na walioanza wakiwa na 11. Baada ya idadi ileile ya saa za masomo, waliochelewa kuanza walikuwa mbele. Mtoto mkubwa hujua kusoma na huelewa kanuni akielezwa, ilhali mdogo hujifunza kwa kuisikia lugha ikitumika karibu naye siku nzima. Vipindi viwili kwa wiki haviwezi kumpa hilo. Vinaweza kumpa masikio mepesi, nyimbo kadhaa na ujasiri wa kutamka bila aibu. Si haba, lakini si kile ambacho matangazo mengi huahidi.

Linalonisumbua zaidi ni kanuni ya "Kiingereza tu". Shule nyingi humtaka mwalimu mgeni asitumie hata neno moja la lugha ya nyumbani ya watoto, na wengine huambiwa wajifanye hawaielewi kabisa. Kwa maneno ya vitendo inafaa: simama, ruka, gusa pua. Mtoto huelewa kwa mwili kabla ya kujibu kwa mdomo, na akikaa kimya kwa wiki kadhaa si dalili ya uzito wa akili. Lakini mtoto wa miaka minne pia hulia, hugombania mdoli, hushindwa kusema kwamba anataka kwenda chooni au kwamba mwenzake amemuuma. Wakati huo anahitaji mtu mzima anayemwelewa papo hapo. Vyeti vingi vya kufundisha Kiingereza ni vya saa 120 hivi, na CELTA, kinachojulikana sana, kiliandaliwa kwa ajili ya kufundisha watu wazima. Malezi hayamo.

Ndiyo maana napendelea mwalimu mgeni aingie pamoja na mwenyeji. Mpango wa serikali ya Japani uitwao JET, ulioanza mwaka 1987, huwaweka wageni wengi shuleni kama wasaidizi wa walimu, na mkataba unaweza kuongezwa hadi miaka mitano. Nao una udhaifu wake: kuna madarasa ambako msaidizi hupewa kazi ya kusoma maneno ili watoto wayarudie, basi. Hata hivyo yupo mwalimu mwenyeji anayewajua watoto majina, tabia na nyumba zao, na mgeni akiondoka, huyo hubaki.

Anayetaka kazi hii aulize, kabla ya mshahara, nani atakuwa naye darasani na kama anaruhusiwa kumfariji mtoto kwa lugha ya mtoto. Mzazi naye aulize walimu watatu waliopita walikaa muda gani.