Kidole kimepona, kuna cha kulipwa?

Mtu aliyechomwa na sindano kazini akienda kudai fidia, swali la kwanza huwa fupi: umeumia nini? Mara nyingi jibu la kweli humtia aibu. Tundu lenyewe kulitafuta ni kazi, na siku ya pili halipo. Aliyevunjika mguu ana picha ya eksirei, aliyekatwa kidole na mashine ana pengo la kuonyesha. Huyu ana tarehe tu, na labda glovu yenye tone la damu ambayo ilishatupwa.

Sindano zenyewe si jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2002, lilikadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, kama milioni 3 hujeruhiwa kila mwaka na vitu vyenye ncha kali vilivyogusa damu. Milioni 2 kati yao hukumbana na virusi vya homa ya ini B, 900,000 na vya homa ya ini C, na 170,000 na VVU. Lakini kukumbana na kirusi si kuambukizwa. Sindano iliyotoka kwa mtu mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika 1,000. Homa ya ini C ni chini ya mara 2 katika 100. Homa ya ini B ndiyo kali zaidi: kwa asiyechanjwa, huambukiza kati ya mara 6 na 30 katika 100, ingawa chanjo yake ya dozi tatu karibu inaufunga mlango huo kabisa.

Kwa hiyo wengi wa waliochomwa hawatapata ugonjwa wowote, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Aliyeambukizwa, tukiacha suala la ushahidi nitakalolirudia, karibu kila mtu anakubali alipwe. Mgogoro ni wa yule mwingine, aliyechomwa, akasubiri miezi, akapewa majibu safi. Analipwa nini, na kwa sababu gani?

Upande wa mwajiri na kampuni ya bima unasimama juu ya kanuni ya zamani, na si kanuni ya kipuuzi. Fidia hulipa hasara. Pasipo hasara hakuna cha kufidia, na hofu peke yake, hata iwe kubwa namna gani, ni kitu ambacho kila mtu anacho kwa kiasi chake. Leo ukilipa hofu ya sindano, kesho utalipa hofu ya vumbi, ya kemikali, ya mionzi, mpaka mfuko ukauke kabla aliyeugua kweli hajafika dirishani. Mahakama kadhaa zimeona hivyo. Mwaka 2007 mahakama ya juu ya Uingereza ya wakati huo, Baraza la Mabwana, iliwakatalia wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto na kupata makovu kwenye utando wa mapafu: makovu hayo hayakuwaletea maradhi, na wasiwasi wa kuugua siku za mbele, ilisema, haujengi dai. California mwaka 1995 ilikuwa karibu zaidi na mada yetu. Mteja alijaribu koti dukani, akachomwa na sindano iliyokuwa ndani yake, na mahakama ya rufani ikasema hawezi kulipwa kwa hofu ya UKIMWI isipokuwa aonyeshe kwamba uwezekano wa kuugua ni mkubwa kuliko wa kutougua. Kwa kirusi kinachoambukiza mara 3 katika 1,000, sharti hilo halitimiziki kamwe.

Kanuni hiyo naielewa. Ninachoona ni kwamba inaposema "hofu" inakunja vitu vingi ndani ya neno moja, na vingine si hofu hata kidogo.

Mchukue muuguzi wa zamu ya usiku anayetoa kanula, ule mrija mwembamba wa kwenye mshipa. Mgonjwa anashtuka, mkono unaruka, sindano inapita glovu. Anakimbilia bomba, anaosha kwa maji na sabuni bila kukamua, kama alivyofundishwa. Anamwarifu mkuu wa zamu. Anatolewa damu. Kama mgonjwa ana VVU au hali yake haijulikani, anaanzishiwa dawa za kinga, zile PEP, ambazo zinatakiwa ziingie mwilini mapema kadiri inavyowezekana na kabla ya saa 72, kisha azimeze siku 28 bila kuruka. Dawa za sasa zina nafuu kuliko za zamani, lakini kichefuchefu, kuumwa kichwa na uchovu bado vipo, na zamu inamsubiri palepale. Nyumbani anatakiwa atumie kondomu mpaka majibu ya mwisho. Hapo lazima amweleze mwenzi wake kwa nini, na si kila mwenzi anaamini habari ya sindano. Akiwa ananyonyesha, kuna swali jingine la kumuuliza daktari. Damu hachangii. Kipimo kinarudiwa baada ya wiki sita, kisha baada ya miezi mitatu, na baadhi ya miongozo huongeza cha miezi sita.

Yote hayo yametokea kweli, na yametokea mwilini na nyumbani mwake. Kumwambia baada ya majibu safi kwamba hakupoteza kitu ni kuhesabu mwisho wa safari na kusahau nauli. Mahakama ya Rufani ya Maryland, mwaka 1993, iliona njia ya katikati. Kesi ilihusu wagonjwa waliopasuliwa na daktari aliyekuwa na VVU bila wao kujua, na wote walipopimwa walikuwa salama. Mahakama ilikubali waweze kudai kwa ajili ya hofu, ila kwa kipindi chake tu: tangu mtu alipojua mpaka alipopata majibu ya kumtuliza. Baada ya hapo, ukiendelea kuogopa ni juu yako. Hao walikuwa wagonjwa, lakini kipimo chenyewe kinahama vizuri kwenda kazini. Kina mwanzo na mwisho, kwa hiyo hakifungui yale mafuriko ambayo kampuni za bima zinayataja kila mara.

Sasa kwa yule aliyeambukizwa kweli. Hapa mambo ni mazito zaidi, na kwa maoni yangu ndiko wafanyakazi wengi wanakopotezea haki yao, tena siku ya kwanza kabisa, kabla hawajawaza habari ya kudai chochote.

Kila kitu kinategemea damu iliyotolewa siku ile ile. Mwili ulioambukizwa leo hauonyeshi leo. Unahitaji wiki kadhaa ndipo kipimo kigeuke. Kwa hiyo kipimo cha siku ya ajali kikiwa safi, na cha wiki ya sita au mwezi wa tatu kikibadilika, pamoja na ripoti ya tukio iliyoandikwa saa ile ile, mnyororo umekamilika. Kipimo hicho kikikosekana, mwajiri ana hoja nyepesi: ulikuja nayo. Na kusema kweli si hoja ya uovu. VVU na homa ya ini vinapatikana nje ya wodi pia, na mlipaji ana haki ya kuuliza.

Tatizo ni kwamba sharti hili linamtaka mfanyakazi apimwe VVU na mwajiri wake mwenyewe, mara nyingi na mwenzake wa maabara anayekunywa naye chai. Kama kipimo cha mwanzo kikionyesha alikuwa na maambukizi tangu zamani, atakuwa amekwenda kuripoti tundu la sindano na kurudi na siri yake mikononi mwa watu. Ndiyo maana wengine hunyamaza. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilikadiria majeraha ya vitu vyenye ncha kali kwa wafanyakazi wa hospitali nchini humo kuwa 385,000 kwa mwaka, na kinasema nusu au zaidi ya matukio hayaripotiwi. Wengine huona sindano ni ndogo, wengine hawana muda katikati ya zamu, wengine huogopa kuambiwa wazembe. Asiyeripoti hana dai. Hana dawa za kinga pia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Baadhi ya sheria zimejaribu kuupunguza mzigo huo kwa kugeuza swali. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, una orodha ya magonjwa ya kazini, na toleo lake lililorekebishwa mwaka 1980 linataja magonjwa ya kuambukiza yanayowapata watu wa kazi za afya na za maabara. Maana yake ni kwamba nchi inayofuata utaratibu huo inaanza kwa kuchukulia kuwa ugonjwa umetokana na kazi, na anayepinga ndiye alete ushahidi. Wakosoaji wanasema hiyo ni kuwalipa hata walioambukizwa kwingine. Wachache, ndiyo, watapita. Lakini mfumo wa upande wa pili unawaangusha walioambukizwa kazini wasiokuwa na karatasi, na kati ya makosa hayo mawili naona la kwanza linavumilika zaidi.

Kisha kuna habari ya uzembe. "Si alirudishia kifuniko kwenye sindano? Tulimkataza." Nimelisikia hili mara nyingi kuliko nilivyopenda. Kurudishia kifuniko kwa mikono miwili ni kosa la kweli, na mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2010 kuhusu vitu vyenye ncha kali hospitalini uliupiga marufuku mtindo huo. Kama mtu anashtaki mahakamani kwa kudai uzembe wa mwajiri, kosa lake mwenyewe lazima lipimwe. Ila bima ya fidia ya kazini haikujengwa hivyo. Tangu Ujerumani ya Bismarck ilipopitisha sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, mapatano yamekuwa kwamba mfanyakazi analipwa bila kuuliza nani alikosa, naye kwa upande wake, katika nchi nyingi, anaachia haki ya kumshtaki mwajiri ajipatie mamilioni. Huwezi kufaidi kinga ya kutoshtakiwa kisha ukaurudisha uzembe kwa mlango wa nyuma kwenye fomu ya madai. Na kabla ya kumlaumu aliyerudishia kifuniko, ningeangalia boksi la kutupia sindano lilikuwa wapi. Kama lilikuwa mwisho wa korido, au limejaa hadi mdomoni tangu juzi, kifuniko kile kilikuwa jaribio lake la kujilinda.

Kuna hoja moja ya upande wa mwajiri inayonigusa zaidi kuliko zote. Fedha ni zile zile. Shilingi inayolipia hofu ya mmoja ingenunua sindano zinazojifungia zenyewe baada ya kutumika, au chanjo ya homa ya ini B kwa wote, wafagiaji wakiwemo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2000, ililazimisha waajiri wapitie vifaa salama zaidi, wawashirikishe wanaovitumia katika kuvichagua, na waweke daftari la kila tukio. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya hilo na fidia, ningechagua vifaa. Lakini mara nyingi waajiri wanaoleta hoja hii hawajanunua vifaa wala hawajalipa fidia, na sindano isiyomgharimu mwajiri chochote haimpi sababu ya kubadilisha aina ya sindano.

Kwa hiyo ninaegemea malipo madogo yaliyopangwa, sawa kwa kila mtu, yanayotolewa mara tukio linaporipotiwa na kipimo cha siku ile kufanyika mahali asipojulikana na wenzake. Yawe ya kufidia siku 28 za dawa na miezi ya kusubiri, pamoja na siku za kazi zilizopotea, na yakome majibu ya mwisho yakitoka safi. Makubwa yabaki kwa aliyeugua. Watadanganya wengine? Watakuwepo, na ndiyo maana malipo yawe madogo: kumeza dawa mwezi mzima na kutolewa damu mara tatu si njia rahisi ya kujipatia fedha kidogo. Faida yake kubwa ni kwamba anayenyamaza leo anapata sababu ya kusema, na akisema anapata dawa ndani ya saa 72.

Hata mpango huo hauwafikii wote. Mfagiaji anayebeba mfuko wa taka begani, sindano ikapenya plastiki na kumchoma pajani, hajui ilitoka kwa nani. Mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya usafi, si na hospitali, na kila mmoja kati ya hao wawili anamwelekeza kwa mwenzake. Anajaziwa fomu. Kwenye fomu kuna mstari wa jina la mgonjwa ambaye sindano ilitumika kwake na namba ya faili lake. Mstari huo anauacha wazi, hana namna nyingine, na baada ya wiki mbili fomu inarudishwa kwake ikiwa na alama ya kalamu nyekundu pembeni: haijakamilika.