Kozi za Mwakani Nimeshazijua, na Msininunie

Mwanzoni mwa Novemba hii mfumo wa chuo ninachosoma uzamili hapa Ohio, Marekani, ulinitumia ujumbe wa mistari miwili: zamu yangu ya kusajili kozi za semista ya Januari ni Jumatano, saa moja asubuhi. Nikafungua orodha ya idara ya hisabati. Kozi ipo, mwalimu yupo, chumba kipo, siku na saa zipo, mpaka idadi ya viti vilivyobaki. Pembeni kuna jedwali la mwaka kesho na la mwaka unaofuata. Topolojia inafundishwa mwaka mmoja, mwaka mwingine inapumzika. Aljebra ya uzamili inaanza Agosti. Ukiikosa, unasubiri mwaka mzima. Nikachukua karatasi, nikapanga kozi zangu zote mpaka nitakapohitimu, nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi.

Picha ya karatasi hiyo nikaitupia kwenye grupu la darasa letu la zamani, la chuo huko nyumbani Tanzania. Jibu la kwanza: "Umeshaanza."

Sijaanza kitu. Hivi nani kati yetu hajawahi kusajili kozi kwa kuchungulia simu ya mwenzake? Ratiba rasimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, CR, kiongozi wa darasa, anaituma usiku wa manane na onyo kwamba "hii nayo inaweza kubadilika". Kozi ya hiari umeipigia hesabu tangu likizo, wiki ya tatu mnaambiwa mwalimu wake yuko masomoni, chagueni nyingine. Kozi mbili za lazima zinagongana Jumanne saa nne. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia, ada haijasoma, mfumo umekufungia, tarehe ya mwisho inasogezwa mbele, na siku hiyo iliyosogezwa mfumo nao unalala. Tumezoea kiasi kwamba anayeuliza mapema anaonekana ana kiherehere.

Najua mtakachosema: wenzako wana hela. Hela ipi? Jedwali la kozi za miaka miwili ni ukurasa mmoja. Halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia wala jengo jipya la kukatiwa utepe. Linataka walimu wa idara wakae mchana mmoja, wakubaliane nani atafundisha nini na lini, walibandike ubaoni, kisha walisimamie. Hapo kwenye kulisimamia ndipo ninapokereka.

Na msiniambie nawadharau, kwa sababu kwenye hesabu zenyewe sisi si wa kudharauliwa na mtu. Mimi ni mtoto wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Hapa Ohio kuna wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu wanaoanza na kozi ya kuwaandaa kwa kalkulasi. Najua, maana mazoezi yao ninayasahihisha mimi. Sisi tulikuwa tunaintegreti tukiwa Kidato cha Tano, kwa chaki na pasti pepa zilizofifia mpaka alama ya kutoa huioni.

Ila ujuzi huo ulipotakiwa kuonekana kwenye maandishi, nikakwama. Ili niruhusiwe kusajili nadharia ya kipimo (measure theory), ile ya Lebesgue, idara ya hapa ilitaka muhtasari wa kozi ya analisisi niliyosoma nyumbani. Transkripti haikuwasaidia: shahada yetu ya miaka mitatu ina krediti 360, yao ya miaka minne ina 120, wakabaki wanazitumbulia macho namba. Nikaandika barua pepe nyumbani. Kimya. Nikapiga simu, nikaambiwa mhusika katoka kidogo. Aliyeniokoa ni CR wetu, ambaye siku hizi anafundisha sekondari: kwenye simu yake ilikuwapo bado picha ya muhtasari huo, ile karatasi ya steshenari, kona imekunjwa, pembeni kuna maandishi ya kalamu, "testi wani mpaka hapa". Mshauri wangu wa masomo akaikuza picha, akapitia mada moja moja, vikomo, mwendelezo, teoremu ya Heine na Borel, integrali ya Riemann, akasema hii inazidi tunachodai. Kichwa kikanivimba. Halafu hasira zikanipanda: kitu kizuri hivyo, kwa nini kihifadhiwe kwenye simu ya mtu mmoja huko shuleni, idara yenyewe isiwe nacho?

Huku nako si peponi, tusidanganyane. Visa ya F-1, ya wanafunzi, inakulazimisha kusoma kwa muda wote, na kwa sisi wa uzamili hapa chuoni maana yake ni krediti 9 kwa semista. Ukidondosha kozi bila ruhusa unahatarisha kuwapo kwako nchini. Kwa hiyo Jumatano ile sikuamka alfajiri kwa bidii, niliamka kwa woga. Darasa likijaa limejaa, unawekwa kwenye orodha ya kusubiri ukae na roho juu. Kozi ikikosa watu inafutwa, na karatasi yako nzuri unaichana. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia darasa limejaa. Tulisimama madirishani, tukanakili, tukafaulu, aliyekosa daftari akapigiwa picha na mwenzake, jioni tukakutana kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje, tukabishana mpaka epsilon ikaeleweka. Huku nasoma peke yangu maktaba. Hapo mmenipata, sibishi.

Lakini hata wa dirishani angependa kujua mapema ni dirisha la jengo lipi.

Na wewe mwenye lile swali la siku zote, mbona hurudi ukafundisha? Nitarudi. Topolojia nitaifundisha bure semista nzima. Niambie tu: mwakani ipo, au haipo?